Kabla ya Kufyeka

Ndugu msomaji, ikiwa siku moja utapewa kipande cha ardhi na kuambiwa utengeneze bustani, yamkini kitu cha kwanza utakachokitafuta ni panga. Mimi nalikitafuta hicho hicho. Nataka kukusimulia yaliyonipata, si kwa kuwa yananipa sifa, maana hayanipi, bali kwa kuwa kosa la mwalimu, likisemwa wazi, huwa somo la bei nafuu kwa mwanafunzi: bei yake imekwisha kulipwa na mtu mwingine.

Kwetu ni Majoreni, kijiji cha pwani ya Kwale, kati ya Shimoni na Vanga, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Mbele ya kijiji ni mikoko, na mbele ya mikoko ni bahari. Nyuma yake ni minazi, miembe na mikorosho. Marehemu baba yetu alituachia huko nyumba ya mawe yenye paa la bati, kisima cha maji baridi, na ekari mbili za ardhi ziteremkazo polepole mpaka karibu na diko, yaani mahali wavuvi wapandishapo ngalawa zao. Mama yetu anakaa katika nyumba hiyo pamoja na mjukuu mmoja. Sisi watoto tu wanne, na riziki imetutawanya. Kaka yetu mkubwa yuko Muscat, dada yuko Mombasa, mdogo wetu yuko Nairobi, na mimi nafundisha shule ya sekondari upande mwingine wa Kwale.

Mwezi wa Desemba 2020 tulikutana nyumbani, kaka akiwa nasi kwa simu. Shauri lililotukutanisha lilikuwa zito. Kaka alisema kwamba nyumba isiyo na watu huliwa na mchwa. Heri iuzwe pamoja na ardhi yake, na Mama ahamie Mombasa kwa dada. Dada akapinga. Alisema kwamba watoto wetu hawajuani, na kwamba wakikosa mahali pa kukutania watakuwa ndugu kwa jina tu. Alitaka nyumba ya baba iwe mahali pa mapumziko ya ukoo mzima, kila Idi na kila Desemba. Mama hakusema neno. Alikuwa akitazama kisima.

Mwishowe tulikubaliana kungoja miaka mitatu. Ikiwa katika muda huo nyumba itavuta watu, itabaki, isipowavuta, itauzwa. Dada alitoa fedha za kuitengeneza nyumba, na kazi ya bustani nikapewa mimi, kwa hoja kwamba mwalimu hujua kila kitu. Laiti wangaliwauliza wanafunzi wangu!

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nalifundishwa kuchora ramani kwa kipimo. Basi nalinunua karatasi kubwa, nikaketi mezani, nikafanya sentimita moja kuwa mita mbili. Nalichora uwanja wa ukoka mbele ya nyumba, safu mbili za mawaridi, njia moja iliyonyoka kama rula, na seng'enge kuzunguka ekari zote mbili. Upande wa bahari palikuwa na kichaka kinene cha misuaki, mikadi na miti mingine midogo. Nalikifuta kwa kifutio, ili mtu aketiye barazani aione bahari bila kizuizi. Ilikuwa picha nzuri sana. Kasoro yake ilikuwa moja: niliichora mezani, mahali pasipo upepo.

Nalimwonyesha Mama ramani ile. Aliitazama kwa muda, kisha akaweka kidole mahali kichaka kilipokuwa.

"Mwanangu, hapa pamekwenda wapi?"

"Patafyekwa, Mama, tupate kuiona bahari."

"Bahari mimi naijua. Yeye je, akituona?"

Nalidhani ni maneno ya mzee asiyependa mabadiliko. Nalimjibu kwa adabu, nikaajiri vijana wawili, na kwa siku nne kichaka kikaisha. Mikoko sikuigusa. Mikoko yote ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, wala hakuna ruhusa ya kuikata ovyo. Lakini mbele ya kiwanja chetu mikoko ina pengo, pale penye diko, na kichaka changu ndicho kilichokuwa kimeziba pengo hilo upande wa nchi kavu. Hili sikuliona kwenye karatasi.

Masika ya mwaka 2021 yalinyesha, ukoka ukashika, mawaridi yakachanua. Nalipeleka picha Muscat kwa simu, na kaka akasifu. Kisha kusi likaingia. Wewe uliyezaliwa pwani wajua kwamba kusi si upepo wa siku moja; hushika kiasi cha mwezi wa Aprili au Mei, likavuma miezi mingi. Lilipita katika lile pengo, likapanda kiwanja kilicho wazi, likagonga nyumba bila kubisha hodi. Lilichukua mchanga likauweka katika sahani za wali. Lilichukua na chumvi ya bahari, ambayo hairuki kwa macho, lakini hutua juu ya majani na kunyonya maji yake. Majani ya mawaridi yaliungua kingoni, yakawa kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto. Baraza niliyoifungulia bahari haikukalika tena. Mama alihamisha jamvi lake, akaketi nyuma ya nyumba, akiipa mgongo bahari niliyomfungulia.

Hayo yalikuwa mabaya, lakini hayakuwa mabaya kuliko yote. Ukoka hunywa maji mengi. Vuli ya mwaka 2021 ilikuwa haba katika sehemu nyingi za pwani, na mimi, nisitake ukoka wangu ufe, naliweka pampu ya umeme kisimani na mpira wa maji uwanjani. Kwa wiki nyingi maji yalimwagwa jioni na asubuhi. Mwezi wa Februari 2022 mjukuu alikunywa maji ya kisima, akayatema. Yalikuwa na chumvi.

Hapa, msomaji, yafaa tusimame kidogo tujifunze. Chini ya ardhi ya pwani maji ya mvua hayakai peke yake. Yamelala juu ya maji ya bahari yaliyopenya katika mchanga na mwamba wa matumbawe. Maji baridi ni mepesi kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huelea juu yake, ingawa mpaka kati yao si mkali kama ule wa mafuta na maji. Wataalamu wawili, Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, walieleza jambo hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kila mmoja kwa njia yake. Hesabu yao ni rahisi, nayo yatisha: kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kiasi cha mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo uone upande wake wa pili. Ukishusha maji ya juu kwa kipimo kimoja na kuyaacha hivyo, chumvi chini yake huelekea kupanda kwa vipimo 40. Atekaye kwa ndoo huchota na kupumzika, na kisima hupumzika naye. Pampu haichoki, na kwa kuwa haichoki haijui wakati wa kuacha.

Kisima kile kilichimbwa na babu yetu. Kilinywesha vizazi vitatu, nami nalikitia chumvi kwa ajili ya majani ambayo hata mbuzi hakuruhusiwa kuyala. Mama, mwenye umri wa miaka sabini na zaidi, alianza kwenda kuomba maji kwa jirani. Na huyo jirani ni mvuvi, mmoja wa wale niliowafungia njia. Kwa maana njia yao ya kwenda dikoni ilikuwa ikikata kiwanja chetu tangu zamani, na mimi nalipoweka seng'enge naliwalazimisha kuzunguka mbali wakiwa na nyavu na madema mabegani. Hawakunigombeza. Walimpa Mama maji. Sijaona fimbo ichapayo kama wema wa mtu uliyemdhulumu.

Kaka alipopata habari alisema kwa upole kwamba sasa shauri limejiamua lenyewe. Sikuwa na jibu.

Mwezi uliofuata nilikuwa na zamu ya kuwapeleka wanafunzi katika Kaya Kinondo, karibu na Diani. Kaya ni misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na baadhi yake, Kinondo ikiwamo, iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Tulifungwa vitambaa vyeusi viunoni kama ilivyo desturi ya wageni, tukaingia. Nje jua lilikuwa likichoma. Ndani palikuwa baridi na tulivu, na ardhi imejaa majani yaliyooza. Mtu wa kwetu aliyemwona mwenziwe ameacha kichaka bila kukifyeka humwita mvivu. Mle ndani nalitambua kwamba kuacha nako ni kazi. Wazee wa kaya wameifanya kazi hiyo kwa karne nyingi, kwa sheria na kwa ulinzi, na msitu wao umesimama wakati mwingi mwingine umekwisha.

Nalikumbuka pia habari ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe hata pakabaki mashimo meupe yasiyoota jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu kutoka Uswisi, alianza kujaribu kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mmojawapo ukiwa mvinje wetu huu wa pwani. Hakuugombeza mwamba kwa kuikataa ile miti mingine. Alifuata ile uliyoikubali, na leo mahali pale ni msitu na bustani inayotembelewa na watu wengi. Mimi nalikuwa nimefanya kinyume chake: nalichagua mawaridi kwanza, kisha nikaitaka ardhi inyamaze.

Nalirudi Majoreni bila karatasi. Nalimwomba Mama radhi, kisha nikamwomba jambo moja jingine: atembee kiwanjani, nami nimfuate. Alitwaa fimbo yake akaenda polepole. Alinionyesha mahali maji ya mvua yasimamapo baada ya mvua kubwa, na mahali yakimbiliapo. Alinionyesha kivuli cha mwembe wa babu kilipo saa nne asubuhi na kilipo saa kumi. Alinionyesha wapi upepo wa kaskazi huingia wakati wa joto, nao wapaswa kuachiwa mlango, na wapi kusi huingia, nalo lapaswa kufungiwa. Alinionyesha njia ya wavuvi, ambayo ilikuwa bado inaonekana chini ya ukoka wangu, kama kovu. Nalimwuliza mbona hakunieleza hayo kabla.

"Ulikuja na jibu, mwanangu," alisema. "Mtu mwenye jibu haulizwi, wala haelezwi."

Bustani ya pili ilitokana na matembezi hayo, nami nitakueleza mpango wake ili nawe uupime.

Kwanza ni upepo. Upande wa kusi tumepanda ngao ya hatua tatu. Karibu na mchanga tumeuachia mlakasa, ule mtambaa wenye maua ya zambarau, ushike mchanga usiruke. Nyuma yake ni misuaki na mikadi, mahali pale pale nilipoikata. Nyuma yake tena ni mivinje. Hatukujenga ukuta, maana upepo ugongapo ukuta hupanda juu yake na kuanguka upande wa pili kwa vurugu. Miti hupitisha upepo kidogo na kuuchosha. Ngao ya miti yenye urefu wa mita 6 yaweza kupunguza nguvu za upepo kwa umbali wa mita 60 hivi nyuma yake. Upande wa kaskazi tumeacha wazi.

Pili ni maji. Ukoka tumeung'oa. Mahali pake pamerudi uwanja wa mchanga aliokuwa akiufagia Mama kwa fagio la chelewa kila alfajiri, na ambao mimi nalidhani ni umaskini. Uwanja huo hauombi hata kata moja ya maji, humwonyesha nyoka kabla hajafika mlangoni, na watoto huucheza mpaka usiku. Paa letu lina eneo la mita za mraba 100. Mvua ya milimita moja juu ya paa kama hilo ni lita 100. Mvua ya milimita 10 ni lita 1,000. Kwa miaka mingi maji hayo yalikuwa yakimwagika chini ya upenu nasi tukitazama. Sasa yanaingia tangini kwa mifereji ya bati. Maji ya kuogea yanakwenda kwenye migomba. Kuzunguka kila mche tumefukia makumbi ya nazi, ambayo hushika unyevu siku nyingi. Pampu nimeiuza.

Tatu ni njia. Seng'enge nimeifungua pande mbili, na wavuvi wapita kama zamani. Njia yetu haikunyoka tena kama rula, yafuata nyayo. Nimeona kwamba mguu wa mtu hujua kupima kuliko kalamu: huukwepa mzizi, hukitafuta kivuli, wala haupandi mteremko bure.

Nne ni mahali pa kukaa. Chini ya mwembe tumejenga baraza ya mawe, pana kiasi cha watu kumi na wanne. Chini ya minazi hatukuweka hata kigoda, kwa kuwa nazi ikianguka haichagui kichwa. Karibu na baraza na chini ya madirisha tumepanda yale maua ambayo mawaridi yangu yalitaka kuyasahaulisha: asumini, mrihani, mkilua na mlangilangi. Asumini hufunguka jioni, wakati ule ule watu wanapomaliza kazi na kukaa. Mama na dada hushona vikuba kwa maua hayo, na watoto wa Nairobi wameanza kuyajua majina yake.

Miaka mitatu ilitimia Desemba 2023. Dada alikuja na watoto wake, mdogo wetu na wake, na kaka akaja mwenyewe kutoka Muscat. Nalikuwa na hofu kama mwanafunzi angojaye matokeo. Siku ya kwanza kaka alizunguka kiwanja peke yake. Alionja maji ya kisima, akatikisa kichwa, kwa sababu wakati wa ukame bado yana chumvi kidogo. Hayajarudi yalivyokuwa, wala sijui kama nitayaona yakirudi. Alikunywa ya tangi. Jioni aliketi barazani katikati ya watoto tisa, na mvuvi mmoja akapita njiani, akasalimu, akatuachia samaki. Neno la kuuza halikutajwa. Siku ya tatu kaka aliniuliza ni mahali gani pafaapo kupanda mndimu.

Nalikuwa na jibu tayari ulimini. Nikalimeza, nikamwambia, "Twende tukamwulize Mama."

Kijana msomaji, huenda hutarithi ekari mbili kando ya bahari. Yamkini utapewa kitalu cha shule, au ua nyembamba nyuma ya chumba cha kupanga. Kanuni ni ile ile. Keti hapo asubuhi, keti adhuhuri, keti jioni. Ona maji yaendako, upepo utokako na watu wapitapo. Mwulize aliyepatunza kabla yako. Ukiisha kuyajua hayo ndipo uchukue panga, nawe utashangaa jinsi kazi yake ilivyopungua. Mti hukatwa kwa dakika kumi. Misuaki niliyoikata mimi kwa siku nne sasa inanifika kifuani, na kusi likivuma kwa nguvu bado hupata mahali pa kupenya. Nikiwa nyumbani wakati huo huenda kusimama pale penye pengo, nikausikia upepo usoni, nikakumbuka ramani yangu nzuri.